Mnada Umenyamaza

Kwetu Mombasa mnada ni kazi ya koo. Neno lenyewe linatokana na kunadi, na kunadi ni kuita, kutangaza, kupaza sauti mpaka aliye mbali ageuke. Dalali aliyeamka na mafua hana kazi siku hiyo, hata awe na mali nzuri namna gani. "Nani ampa elfu sita? Sita na mia mbili? Mzee wa kofia, mbona umenyamaza, ama pesa umemwachia bibi?" Watu wacheka, mzee wa kofia aona haya, aongeza mia mbili, na bei yapanda. Ukitaka kujua thamani ya kitu pale, humuulizi aliyekileta. Unawasikiliza wanaokitaka.

Kwa miaka ishirini sasa mimi nimekuwa nikinadi vitu bila kutoa sauti hata mara moja. Ninaishi Reading, mji ulio magharibi mwa London. Nilikuja 2004 kufanya kazi ya uuguzi, na tangu 2005 nauza vitu vidogo vidogo kwenye eBay kutoka meza ya jikoni. Mwaka mzuri nauza vitu arobaini, mwaka mbaya vitano. Wanaoniuliza "biashara yaendaje?" huwajibu kwamba sina biashara, nina kabati lililojaa. Wao hucheka, lakini mimi huwa sifanyi mzaha. Kuna mwenye duka na kuna mwenye kabati, na tofauti kati yao ni kubwa. Soko lile lilijengwa kwa ajili ya mwenye kabati, na siku hizi mwenye kabati hajui asimame wapi.

Chimbuko lake linajulikana. Septemba 1995, kule San Jose, California, mtaalamu wa kompyuta aitwaye Pierre Omidyar aliandika programu katika siku za mapumziko, akaiita AuctionWeb. Kitu cha kwanza kinachokumbukwa kuuzwa pale ni kalamu ya mwanga wa leza, tena mbovu, iliyonunuliwa kwa dola 14.83. Omidyar mwenyewe alishangaa, akamwandikia mnunuzi kumuuliza kama ameelewa kwamba kitu hicho hakifanyi kazi. Akajibiwa kwamba yeye hukusanya kalamu za leza zilizoharibika. Hadithi hii imesimuliwa mpaka imekuwa kama ngano, lakini mimi huipenda. Hakuna mwenye duka ambaye angeweka kalamu mbovu kwenye rafu, na hata angeiweka, asingejua aibandike bei gani. Ilihitaji mtu mwenye takataka upande mmoja, na mtu mwenye tamaa ya takataka hiyohiyo upande wa pili, na mahali pa kukutana.

Tatizo lilikuwa uaminifu. Utamtumiaje pesa mtu usiyemjua, aliye mbali nawe maelfu ya kilomita? Mapema 1996 Omidyar aliweka utaratibu wa watu kupeana sifa: baada ya kila mauzo, mnunuzi anaandika neno kuhusu muuzaji, na muuzaji anaandika neno kuhusu mnunuzi. Imani yake ilikuwa kwamba watu wengi ni wema, na walio wachache wasio wema watajulikana kwa rekodi yao. Mwaka wa 1997 jina likawa eBay, 1998 kampuni ikauza hisa zake kwa umma, na 1999 ikafungua tawi la Uingereza. Nilipofika mimi, kila muuguzi wa zamu ya usiku alikuwa na hadithi ya kitu alichokipata huko: kitanda cha mtoto, viatu, sahani zilizofanana na za marehemu mamake.

Mimi nilianza kwa bahasha. Hapa Uingereza kuna masoko ya Jumapili ambako watu huegesha magari yao uwanjani, wakafungua buti, wakauza vya nyumbani. Mzee mmoja alikuwa na sanduku la vitu vya ndugu yake aliyefariki, na ndani yake mkawa na bahasha iliyoandikwa "East Africa". Kufungua hivi, nakuta stempu za Kenya, Uganda na Tanganyika za enzi ya mfalme George wa Sita: korongo wenye taji, jahazi katika Ziwa Victoria, daraja la reli la Jinja, Ziwa Naivasha. Chini yake zilikuwa sarafu za tundu, zile za senti kumi na senti tano zenye pembe za ndovu kuzunguka tundu. Bibi yangu alikuwa nazo, amezitunga uzi, zikining'inia nyuma ya mlango wa jikoni. Nikalipa paundi tatu.

Sarafu nikaziweka. Stempu nikazipiga picha, nikaandika maelezo mafupi ya kweli, hii imechanika pembeni, hii ina muhuri wa posta wa Nakuru, nikaziweka mnadani kwa bei ya kuanzia ya peni 99, siku saba, mwisho Jumapili saa mbili usiku. Jumapili usiku kila mtu yuko nyumbani, ameshakula, na hataki kufikiria Jumatatu.

Kama hujawahi kuuza hivyo, hebu nikueleze. Mnunuzi haandiki dau moja akakaa kusubiri. Anaiambia mitambo kiwango chake cha juu kabisa, tuseme paundi thelathini, na mitambo inakificha. Inampandishia dau kidogokidogo, kiasi tu cha kumpita mwenzake. Kwa hiyo bei ya mwisho haiamuliwi na anayekitaka kitu kuliko wote. Inaamuliwa na wa pili wake. Ndiyo maana kwa siku sita hakuna lolote linalotokea, bei imelala paundi mbili, nawe unajilaumu kwa kupoteza muda. Halafu dakika ya mwisho wanatokea wale waviziaji, wanaorusha dau zikibaki sekunde kumi ili wapinzani wasipate nafasi ya kujibu. Stempu zangu zilikuwa paundi 9 saa mbili kasoro dakika moja. Saa mbili kamili zilikuwa paundi 46.

Nilipiga kelele peke yangu jikoni. Mume wangu akaja mbio akidhani nimeungua.

Mnunuzi alilipa kwa hundi, manake siku hizo bado watu walituma hundi kwa posta. Aliambatanisha barua. Alikuwa mzee wa Devon, alizaliwa Nakuru, aliondoka akiwa na miaka kumi na moja. Aliandika kwamba muhuri ule ndio alioutaka, si stempu. Nilikaa na barua ile muda mrefu. Kitu ambacho babu yangu alikiona kila siku kwenye bahasha za wakubwa wa bandari, bila kuruhusiwa kukifikiria kama chake, leo mjukuu wake anamuuzia mtoto wa walowezi ili akumbuke utoto. Sikujua nicheke au nikasirike. Nilimwandikia barua fupi ya heshima, nikafunga stempu vizuri kati ya karatasi mbili ngumu, nikapanga foleni posta. Baada ya wiki akanipa sifa nzuri, nami nikampa yake. Sifa yangu ya kwanza.

Zile paundi 46 zilikwenda Mombasa. Mtoto wa kaka yangu alikuwa ndiyo kwanza ameanza nasari. Ikawa desturi: mshahara wa hospitali ni wa kodi ya nyumba na umeme, na pesa ya kabati ni ya karo yake. M-Pesa ilipoanza 2007 mambo ya kutuma yakarahisika nyumbani, na kaka yangu akazoea kuniuliza kwenye simu, "Dada, wiki hii umenadi nini?" Kijana yule alisomeshwa, kwa sehemu, na vitambaa vya meza, kamera mbovu, vikombe vya kifalme, na bahasha za wazungu waliokufa. Nasema hivi bila aibu yoyote.

Sasa, kilichobadilika ni nini?

Cha kwanza ni mnada wenyewe. Tangu 2000 eBay ilikuwa imeweka njia ya kununua papo hapo kwa bei iliyopangwa. Mwanzoni ilikuwa kama kibanda pembeni mwa uwanja. Lakini watu walichoka kungoja. Msisimko ule wa sekunde kumi unapendeza mara ya kwanza na ya tano. Mara ya hamsini, ukiwa unatafuta chaja ya simu, unataka chaja tu, uilipie, ulale. Na tena, kadiri vitu vilivyozidi kuwa vingi, ndivyo ilivyokuwa rahisi kujua bei: ukiona vikombe mia vya aina moja vinauzwa paundi nane, ya nini kunadi cha mia na moja? Kufikia miaka ya mwanzo ya 2010 bei zilizopangwa zilikuwa zimeshaupita mnada, na wataalamu wa uchumi wakaandika makala kuulizia mnada ulikwenda wapi. Waliobaki mnadani ni wenye vitu vya pekee, na wageni wasiojua bei ya walichonacho. Yaani sisi.

Cha pili ni majirani. Aliyekuwa kando yangu zamani alikuwa mama mwingine mwenye kabati. Sasa kando yangu kuna kampuni yenye ghala, yenye bidhaa elfu kumi, yenye wafanyakazi wa kujibu maswali saa nane za usiku. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Siku hizi kizuri nacho kinajitembeza, tena kwa nauli yake mwenyewe: muuzaji anaweza kulipa asilimia zaidi ili tangazo lake lionekane juu. Asiyelipa, sarafu yake iko ukurasa wa sita, na ukurasa wa sita ni kama nyuma ya choo cha soko. Hapiti mtu.

Cha tatu ni zile sifa. Mwaka wa 2008 eBay iliamua kwamba muuzaji hawezi tena kumpa mnunuzi sifa mbaya. Wauzaji wengi walikasirika, na Februari mwaka huo baadhi yao waliitisha mgomo wa wiki moja. Haki ilikuwa pande zote mbili, nisiseme uongo. Kulikuwa na wauzaji waliotumia sifa kama bakora: ukinilalamikia nakuchafulia jina. Wanunuzi wakawa wanaogopa kusema ukweli. Lakini suluhisho lililochaguliwa lilimaanisha kwamba sasa mmoja anahukumiwa na mwingine hahukumiwi. Kampuni yenye mauzo elfu kumi ikipata alama mbaya moja, haisikii. Mwenye mauzo kumi na mawili akipata moja, huyo ameshakuwa mtu wa kutiliwa shaka.

Nimeyaonja haya mahali pengine, soko jingine ambalo silitaji. Nilimuuzia mtu gauni, picha sita, maelezo kamili mpaka kifungo kilicholegea nimekionyesha. Akaandika kwamba gauni halikuwa kama lilivyoelezwa, akarudishiwa pesa. Liliporudi lilikuwa na harufu ya manukato na doa la mchuzi kwapani. Alikuwa amelivaa harusini, bwana! Nikalifua, nikampa binti wa jirani. Paundi kumi na nne si msiba. Ila mwenye duka huwa ameshaiweka hasara ya namna hiyo ndani ya bei zake zote, kidogokidogo, hata haihisi. Mwenye gauni moja anaibeba yote peke yake.

Cha nne ni njia ya pesa. Kwanza zilikuja hundi. Kisha PayPal, ambayo eBay iliinunua 2002 na kuachana nayo 2015. Kisha eBay ikaanza kupokea malipo yenyewe na kuyapeleka moja kwa moja benki ya muuzaji. Kwa muuzaji binafsi hapa Uingereza makato yalifika asilimia 12.8 ya mauzo, na peni 30 juu yake. Piga hesabu. Kikombe cha paundi nne kikishakatwa ada, kikatolewa bei ya boksi na selotepu, kinachobaki hakinunui chai pale kituo cha reli. Wenzangu wengi wa zamu waliacha wakati huo. Vitu vikaanza kwenda kwenye maduka ya hisani, au jalalani.

Halafu ikaja Vinted kutoka Lithuania, na msemo wake ni rahisi: muuzaji halipi chochote, anayelipa ni mnunuzi. Vijana wakahamia huko na nguo zao. Depop nayo ikaondoa ada ya mauzo hapa Uingereza mwaka wa 2024. Na eBay, baada ya kufanya hivyo Ujerumani 2023, ikatangaza Oktoba 2024 kwamba wauzaji binafsi wa Uingereza hawatalipa tena ada ya kuuza, isipokuwa kwa magari. Jioni hiyo simu yangu haikupumzika. "Umeona? Imekuwa bure!"

Nami nikasema tungoje. Kwetu tunasema rahisi ghali. Mapema 2025 ikaja ada ya kumlinda mnunuzi, inayoongezwa juu ya bei ninayoiandika mimi. Mimi naandika kumi, mnunuzi anaona kumi na kitu. Halipi muuzaji, kweli, lakini mnunuzi mwenye paundi kumi mfukoni ana paundi kumi tu. Ile kitu inatoka pale pale ilipokuwa ikitoka, ila imebadilisha mlango. Na pesa yenyewe haitoki mpaka ithibitishwe kwamba mzigo umefika. Kwa mnunuzi ni ulinzi mzuri. Kwa mama anayetaka kutuma karo kabla ya Ijumaa, ni wiki nzima ya kungoja.

Mpaka hapo bado nilikuwa nikiona haya yote kama mabadiliko ya kawaida ya soko. Soko lolote hubadilika. Marikiti ya utotoni mwangu si Marikiti ya leo, na sikumbuki mtu akiandika makala kuililia. Kilichonifanya nikae niandike ni simu ya yule kijana.

Yule yule wa karo. Amekua, amemaliza chuo Kenya, na mwaka juzi alikuja Coventry kusomea shahada ya pili. Pesa za mwanafunzi mnazijua. Akaanza kuuza nguo zake kwenye programu moja ya simu: jinzi zilizombana, viatu alivyotumiwa vikubwa, na makoti mawili aliyorithi kutoka kwa Mkenya aliyekuwa akiishi chumba kile kabla yake. Hii nayo ni desturi ya wanafunzi wetu, anayeondoka anamwachia anayekuja. Akanipigia usiku, saa tano.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Kuna nini saa hizi?"

"Hawa watu wa programu wanataka namba yangu ya bima ya taifa. Wanasema nimekaribia vitu thelathini na lazima wawapelekee watu wa kodi."

"Umeuza vingapi?"

"Ishirini na saba. Shangazi, viza yangu imeandikwa sifai kujiajiri. Si wataona nafanya biashara?"

Nikanyamaza kidogo, si kwa kukosa jibu. Nilikuwa nalo. Tangu tarehe 1 Januari 2024 masoko ya mtandaoni hapa Uingereza yanalazimika kukusanya taarifa za wauzaji na kuziripoti kwa mamlaka ya kodi kwa kila anayeuza vitu thelathini au zaidi kwa mwaka, au anayepokea zaidi ya yuro 2,000, kama paundi 1,700 hivi. Ripoti za kwanza zilipaswa kufika kabla ya Januari 2025 kwisha. Kodi yenyewe haikuwa mpya. Kuuza vitu ulivyotumia mwenyewe, nguo zako, vyombo vyako, kwa kawaida hakuhesabiwi kuwa biashara. Na hata mwenye kununua ili auze ana msamaha wa paundi 1,000 za mapato kwa mwaka kabla ya kutakiwa kujiandikisha. Kilichobadilika ni kwamba sasa kuna anayehesabu.

Nikamweleza yote hayo. Nikamwambia ujumbe ule si mashtaka. Mtu kuripotiwa si mtu kudaiwa. Na kama ana wasiwasi na viza, aende ofisi ya chuo inayoshughulikia wanafunzi wa kigeni, awaulize wao, asiulize kundi la WhatsApp. Alinisikiliza vizuri sana, kwa adabu, akasema, "Sawa shangazi, nimeelewa."

Kesho yake akafunga akaunti.

Nilipomuuliza sababu, hakuwa na hasira wala nini. Alisema: "Wewe uko hapa miaka ishirini, una pasipoti yao. Mimi jina langu likitokea kwenye karatasi moja nisiyoielewa, sina wa kunitetea. Kwa jinzi za paundi sita?" Lile koti moja zito alilokuwa amebakiza akampa msichana aliyewasili Januari kutoka Kisumu, aliyekuja na sweta.

Nimeifikiria hesabu yake mara nyingi, na siwezi kusema ilikuwa mbaya. Kwa mwenye duka, fomu moja zaidi ni kazi ya mhasibu. Kwangu mimi ni jioni moja ya kuudhika. Kwa kijana mwenye viza ni swali la kama atamaliza masomo. Sheria ni ile ile, namba ni ile ile thelathini, lakini uzito haulingani. Na serikali nayo ina hoja: wako watu waliokuwa wakiendesha maduka makubwa kwa jina la kabati, bila kulipa senti. Ukitaka kuwanasa hao kwa wavu, dagaa wataingia. Swali langu ni kama kuna aliyewahi kuwafikiria dagaa wakati matundu ya wavu yalipokuwa yakipimwa.

Wazee wa pwani walituachia neno: mali bila daftari hupotea bila habari. Mimi daftari ninalo tangu 2005, la jalada jeusi, kila kitu kimeandikwa: nilikipataje, kwa ngapi, kilikwenda kwa nani, mji gani. Niliandika kwa sababu ya karo, ili kaka yangu asije akasema nimepunja. Sasa naandika safu moja zaidi: "changu" au "nilinunua ili niuze". Kila anayeniuliza siku hizi namwambia aanze na safu hiyo kabla hajapiga picha ya kwanza. Si kwa woga. Ni kwa sababu mwenye kabati asipojieleza mwenyewe, ataelezwa na mashine, na mashine inajua aina moja tu ya muuzaji.

Cha ajabu ni kwamba sauti imerudi, ila haikurudi kwetu. Huko Marekani ilianzishwa Whatnot mwaka wa 2019, minada ya moja kwa moja kwenye video, na imefika hapa pia. Mtu anakaa mbele ya kamera na taa kali, anainua kadi za wachezaji au viatu, anaita bei, watu wanapanda dau, sekunde thelathini kimekwenda. Mara ya kwanza kuitazama nilicheka peke yangu: dalali huyo! Amevaa kofia ya besiboli, lakini ni dalali. Kenya wachuuzi wa mitumba wameyajua haya kwa njia yao. Wanafungua marobota moja kwa moja kwenye TikTok na Facebook, wanainua gauni, wanataja bei, wa kwanza kuandika "langu" amelipata, M-Pesa, boda, limefika. Wifi yangu Mombasa huangalia kila usiku kama tamthilia. Hanunui, ati anataka tu kusikia maneno ya muuzaji.

Lakini hiyo ni kazi ya mtu mzima. Inataka saa nne kila usiku, ulimi mwepesi, robota zima la kuuza. Mwenye gauni moja na sarafu tatu hawezi kuwasha taa akakaa mbele ya dunia. Mahali pake palikuwa pale kwenye mnada wa kimya, ambapo ulihitaji picha moja ya kweli na subira ya siku saba. Napo panazidi kuwa padogo.

Hata hivyo sijahama. Kuna vitu ambavyo bado hakuna anayejua bei yake, na kwa vitu hivyo sijaona njia bora kuliko kuwaachia wanaovitaka waamue. Mwezi uliopita nilitoa sarafu moja katika zile za bahasha ya 2005, senti kumi, tundu katikati, pembe mbili za ndovu. Zilizobaki ni za kijana, atazitunga uzi akitaka. Hii moja nimeipiga picha mbele na nyuma, nimeandika kwamba imechakaa ukingoni, nimeiandika kwenye daftari katika safu ya "nilinunua", na nimeianzisha kwa peni 99. Siku saba, mwisho Jumapili saa mbili usiku. Mpaka ninapoandika hivi imebaki siku moja na nusu, watu kumi na mmoja wanaitazama, na dau ni moja.